Rangi Mpya ya Trekta la Palmer

Mume wangu Palmer ana miaka sabini na minane, magoti mabovu, na trekta linalokaribia umri wake. Nyuma yake hukokota mashine ya kuvunia ya enzi hizo hizo, isiyo na injini yake yenyewe. Trekta likizima, nayo inanyamaza, imekabwa na majani. Majirani zetu wote hapa Dakota, Marekani, huvuna wakiwa kwenye kiyoyozi, wakisikiliza redio. Palmer huvuna akila vumbi, na bado anawaonea huruma wao.

Mwaka huu alijipalia makaa mwenyewe. Jumapili mezani alimwambia mdogo wake Verlyn, "Trekta langu likishindwa kuvuna shayiri hii, nastaafu. Shamba chukua wewe." Verlyn ana mashine kubwa kama kanisa letu, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Sasa shayiri ilikuwa imekatwa na kulazwa mistari ikauke, mawingu meusi yanapanda kutoka magharibi, na trekta linazima kila likienda kidogo. Nilipofika na kahawa na sandwichi, nilimkuta Palmer ametandaza nusu ya injini juu ya koti lake. Verlyn alikuwa ameegemea pikapu yake, anatafuna bua la shayiri na kumtazama kwa upole wa mtu anayesubiri urithi.

"Ni kabureta," Palmer alisema.

"Asubuhi ulisema plagi," Verlyn akamjibu.

"Asubuhi zilikuwa plagi. Kwani wewe huna kwako?"

"Nimekuja kukupa pole, kaka."

"Pole yako kaa nayo. Mama, hebu ongeza petroli."

Nikapanda na dumu. Nilipozungusha kifuniko, tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua. Nikakigeuza kile kifuniko. Kitundu kidogo cha kupitishia hewa kilikuwa kimezibwa na rangi nyekundu, inayong'aa. Mwezi wa sita Palmer alilipaka trekta rangi kwa ajili ya gwaride la mjini, tabaka juu ya tabaka, kama anayempamba bibi harusi. Hewa haiingii, kwa hiyo petroli haishuki. Ugonjwa wote ulikuwa huo.

Niseme ya nini? Nimefua nguo za grisi tangu nilipoolewa. Nikifunga mdomo tu, shamba linakwenda kwa Verlyn, na mimi nakaa nyumbani na mume wangu kutwa kucha.

Kutwa kucha. Hapo nikakumbuka. Baada ya kupasuliwa goti, Palmer alishinda ndani majira yote ya baridi. Alipangua kabati zangu za jikoni. Alinifundisha kukaanga yai. Nikiosha vyombo, alisimama nyuma yangu akiguna. Nampenda huyu mzee, Mungu anajua, lakini nampenda akiwa shambani.

Nikachomoa pini ya nywele, nikatoboa ile rangi, nikamimina petroli na kufunga.

Palmer alipomaliza kurudishia kabureta yake, nikamwambia, "Haya, washa."

"Ngoja kwanza niangalie waya."

"Washa, mzee. Mvua haikungoji wewe."

Likawaka. Likaenda hadi mwisho wa shamba, likageuka, likarudi bila hata kukohoa. Palmer alipita mbele yetu kidevu juu. "Nilisema ni kabureta!"

Verlyn akanisogelea. "Shemeji, nimekuona. Ulikuwa unachokoa nini pale juu?"

"Kwani wewe hili shamba bado unalitaka?"

"Nalitaka, ndiyo."

"Basi ujue linakuja na kaka yako. Hatakuwa na kazi nyingine. Kila asubuhi atakuwa ndani ya mashine yako, pembeni yako, anakuelekeza."

Verlyn aliliacha bua likadondoka. Alimtazama Palmer, aliyekuwa amesimama wima juu ya trekta, anatupigia kelele kwamba tumeegesha pikapu vibaya. Kisha akaingia garini haraka.

"Naleta lori langu la nafaka," alisema. "Akose vyote, lakini asikose pa kumwagia shayiri."