Saa ya Mzee Chochote

Umewahi kuishi na mtu ambaye hataki kitu? Simaanishi mtu aliyekata tamaa, la. Namaanisha mtu mwenye afya yake na kicheko chake, ila ukimuuliza ale nini anakujibu, "Chochote." Avae shati gani? "Lolote." Tuondoke sasa au tusubiri jua lipungue? "Vyovyote utakavyoona, mama." Mimi nimeishi na mtu huyo tangu kiuno changu kikiwa chembamba. Mtaa mzima unamwita Mzee Chochote, na yeye anaitika.

Kazi yake ni kujalidi vitabu. Kitabu kinaletwa kimechanika mgongo, kurasa zimelegea kama meno ya mtoto wa miaka sita, na kinaondoka kimesimama wima. Chumba chake cha kazi ni cha nyuma. Kina kidirisha kimoja kinachotazama ukuta, na hicho nacho amekiziba kwa gunia, maana upepo hupeperusha karatasi na jua hulipinda jalada lenye gundi mbichi. Anawasha taa mchana kutwa. Shati lake siku zote ni la mikono mirefu, na kifungo cha mkononi kimefungwa barabara ili gundi isimshike vinyweleo. Nakueleza yote haya mapema kwa sababu ndiyo tuliyoyasahau, mimi na mjukuu wangu, watu wawili wenye akili zetu, siku tulipokwenda kununua saa.

Saa ilikuwa ya lazima. Kitabu kikishabanwa kwenye kibano kina muda wake. Ukikitoa mapema mgongo unafunguka, ukikisahau gundi inapenya na kurasa zinashikana. Saa yake ya zamani ilikuwa ya betri, na betri ile ilikuwa na tabia ya kufa bila kuaga. Anainua mkono, anaona bado mapema, kumbe saa ilikwisha lala tangu asubuhi.

Mjukuu wangu anauza dawa katika duka la dawa. Alipopata mshahara wake wa kwanza alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akasema, "Mke mwenzangu, kesho jiandae. Tunampeleka mume wetu akanunue saa. Na safari hii atachagua mwenyewe."

"Atachagua mwenyewe?" nikamwambia. "Huyu ambaye hata mke alichaguliwa na shangazi yake?"

"Ndiyo, na ona alivyopata hasara," akanijibu. Mtoto ana mdomo huyo. Alinirithi mimi.

Kabla hatujaingia dukani alinivuta kando, na hapo hakuwa anatania. "Bibi, nikiwa darasa la nne nilimletea kalamu, akasema nzuri. Nikamletea kofia, nzuri. Nikamletea fulana iliyombana mpaka akawa anapumua kwa zamu, akasema nzuri. Mimi nitajuaje siku moja kwamba nimempatia kweli? Nataka kumsikia akisema, nataka hii. Mara moja tu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Moyoni nilijua ana kazi.

Muuza saa alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani juu ya paji la uso. Alitandika kitambaa cha bluu juu ya kioo cha meza akazipanga saa moja moja, kwa adabu, kama anayewalaza watoto. Mzee alizichukua kwa zamu. Aliipima hii uzito kwa kiganja, ile akaiweka sikioni, nyingine akaisugua kioo kwa kidole gumba.

"Mume wangu," mjukuu akasema, "chagua. Mke mkubwa leo haruhusiwi kusema neno."

"Mimi nimekuja kushika mkoba," nikasema.

"Zote nzuri," mzee akasema.

"Zote nzuri, lakini mkono wa kuvalia ni mmoja."

"Basi yoyote."

Muuza saa akacheka. "Mzee, mimi nilidhani wewe ndiye mnunuzi."

"Hata mimi nilidhani hivyo," mzee akamjibu, wakacheka wote wawili. Mjukuu hakucheka. Alikuwa ananyoosha mkanda wa saa moja uliokuwa umenyooka tayari.

Basi ikabidi tuchague sisi. Mimi nilitaka mkanda wa ngozi, yeye akasema ngozi itanyonya gundi. Yeye akataka uso mweusi, nikamwambia kwa macho ya babu yako hiyo itakuwa kutazama ndani ya chungu. Tulibishana mpaka muuza saa akaingilia kati, akatuletea saa ya chuma yenye uso wa rangi ya maziwa.

"Hii ni ya sola," akasema. "Haili betri. Inakula mwanga. Jua, au mwanga wa dirishani, hata taa inailisha kidogo kidogo. Ikishiba inaenda miezi. Na ikiwa na njaa inawaambia yenyewe. Huu mshale wa sekunde unaacha kutembea, unaanza kuruka, sekunde mbili mbili, kama mtu anayevuka matope."

Haili betri. Hayo maneno mawili ndiyo tuliyoyasikia, mengine yakapita. Tulitazamana na mjukuu, tukaichukua. Muuza saa akatoa pingili tatu kwenye mkanda kwa sababu mkono wa mzee siku hizi umepungua. Akaivaa. Akaitazama. "Nzuri," akasema, akafunga kifungo cha shati juu yake.

Tukarudi nyumbani.

Wiki zikapita. Asubuhi moja nilikuwa nachambua mchele, akaniita kutoka chumba cha nyuma. "Mama, saa ngapi?"

"Unaniuliza mimi, na wewe ndiye mwenye saa?"

"Nilitaka tu kuhakikisha."

Kuanzia hapo nikaona jambo geni. Mtu ambaye akikaa kwenye meza yake haondoki mpaka chakula kiive, sasa jua likishapanda kidogo anainuka, anapita uani bila kunitazama, anatoka. Anarudi baadaye, anaendelea na kazi. Kesho vilevile. Sikuuliza. Nilijua nikiuliza "una nini?" nitajibiwa "sina chochote," na hapo nitakuwa nimepoteza swali. Lakini moyo ulikuwa juu. Katika umri wetu mtu akianza kutoka kimyakimya, unafikiria kifua, unafikiria presha, unafikiria daktari.

Mtu wa kunipa habari akawa jirani yetu fundi baiskeli, ambaye kijiwe chake kiko pembeni ya nyumba. "Mama," akaniambia huku anapuliza tundu la tairi, "hongera. Mzee amegeuka mjusi."

"Mjusi vipi?"

"Nenda nyuma ya ukuta wangu ukaone. Anaota jua. Bado kutikisa kichwa tu."

Nilichukua beseni la nguo ili nionekane nina safari, nikazunguka. Nikamkuta ameketi juu ya kreti la soda, kifungo cha shati kimefunguliwa, mkono ameunyoosha juu ya goti, uso wa saa umelitazama jua. Alikaa vile kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Unafanya nini, baba?"

"Nailisha," akasema.

Akanionyesha. Mshale ulikuwa unaruka, unasimama, unaruka, unasimama. Hapo ndipo maneno ya muuza saa yakanirudia yote. Chumba chenye gunia dirishani, na juu yake tena mkono wa shati. Tulikuwa tumemnunulia kuku tukamfungia ndani ya sanduku.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, mtoto atajua. Ule ulikuwa mshahara wake wa kwanza. Na saa yenyewe haina kosa, mama. Inaomba kitu kidogo tu." Akaigeuza kidogo, kivuli cha waya wa nguo kilikuwa kimeanza kuigusa. "Usimwambie."

Sikumwambia. Nilianika nguo zangu mbali na jua lake, nikarudi ndani. Kesho yake nikampelekea chai. Kesho kutwa nikakuta kreti zimekuwa mbili, moja yangu.

Sasa mkono wa mtu wa kazi haujui kukaa bure. Wa kushoto ukiwa unakula jua, wa kulia ukawa unatafuta la kufanya, basi akaanza kutoka na kurasa za kushona. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake yenye usumbufu, kupitisha uzi kwenye vitundu vidogo vya mgongo wa kitabu. Nilizoea kumsikia kule chumbani akiguna na kulamba uzi, akilamba tena, akiguna. Pale nje nilimwona anapitisha uzi mara moja, unaingia. Akaanza na kuimba kwa pua. Fundi baiskeli akamwambia, "Mzee, punguza redio," naye akaongeza.

Zilikuwa siku njema, nakwambia. Saa ilishiba. Mshale ukawa unatembea kama mtu mwenye mahali pa kwenda.

Halafu mawingu yakaja, na mvua nyuma yake. Kukaa nje hakukuwezekana. Siku ya kwanza mzee alizungukazunguka uani, siku ya pili nikamkuta ameingia chumba cha mbele. Hicho ndicho chumba changu cha wageni, chenye dirisha pana na viti vyangu vya kochi, vilivyofunikwa vitambaa nilivyovifuma mwenyewe, vya maua kwenye pembe. Wageni wenyewe wakija wanapenda kukaa nje kwa fundi baiskeli, ila chumba kipo, kinawasubiri. Mzee alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, nusu kiti na nusu hewani, mkono wa saa ameuegemeza dirishani, kitabu mapajani. Nilimletea kanga kuukuu nikamtandikia chini ya makalio, nikamtandikia na nyingine mapajani, kwa ajili ya gundi.

Ndivyo mjukuu alivyomkuta. Alikuja bila taarifa, mwavuli unachuruzika, akasimama mlangoni. Hakuwa amewahi kumwona mtu akikaa chumba kile bila kuwepo msiba au posa.

"Babu, umeumia mkono?"

Mzee akashusha shati haraka, lakini msichana anayesoma maandishi ya madaktari hafichwi kitu. Akaja, akakunja ule mkono wa shati, akatazama mshale. Mawingu ya siku mbili yalikuwa yameurudisha kwenye matope, unaruka. Akanitazama mimi. Nikatazama dari.

Tulimweleza. Gunia, kifungo, kreti la soda, yote. Alikaa chini kwenye mkeka, gauni lake limelowa.

"Kumbe nimekununulia mzigo," akasema.

"Si mzigo."

"Unatoka kazini kila siku kwenda kuilisha kama mbuzi, na bado si mzigo? Basi sikiliza, babu. Muuza saa yule ni mwelewa. Nakwenda kumwomba abadilishe, nakuletea ya betri. Au unabaki na hii. Lakini uniambie wewe, kwa mdomo wako. Na neno la kuanzia cho halikubaliki."

Mimi jibu nilikuwa nalo tayari, limekaa ncha ya ulimi, kama kawaida yangu. Miaka yote akiulizwa yeye, najibu mimi, naye anashukuru, na maisha yanaendelea. Nikauma ulimi. Nikashika shughuli ya kukunja ncha ya kitambaa cha kiti, nikaikunjua, nikaikunja.

Mvua ilikuwa inapiga bati polepole. Mzee alitazama saa, kisha kitabu mapajani, kisha dirisha. Midomo ikafunguka, ikafumba. Nilidhani lile neno linakuja, na mjukuu naye alidhani hivyo, nilimwona anainamisha kichwa.

"Nataka," mzee akasema, akasita hapo kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi asiyoizoea. "Saa nataka hii hii, usiirudishe. Ila nataka meza yangu ije hapa dirishani, kibano na gundi mbichi vibaki kule. Kule nyuma vitundu vya sindano siku nyingi sivioni. Na viti vya mama viende vikakae kule gizani, maana vyenyewe havishoni wala havisomi."