Glavu Jozi Moja

Asubuhi hiyo mkutubi wa maktaba ya sanaa, chumba kimoja ndani ya makumbusho, hakukalia kiti hata kidogo. Mkurugenzi wa makumbusho ameshasema: chumba kisicho na wasomaji ni chumba bure, leo kinageuzwa stoo ya viti vya wageni. Wasomaji wangetoka wapi? Ofisi hiyohiyo ndiyo iliyoamuru kitabu cha picha kisiguswe bila glavu nyeupe, kisha ikanunua glavu jozi moja. Mmoja akisoma, wengine wanasubiri mpaka wanachoka, wanajiondokea. Wakubwa ndivyo walivyo: wanakufunga miguu, halafu wanakuuliza mbona huchezi.

Lakini jana kilifika kitabu kipana kama sinia, kimejaa picha za mabango ya zamani: vinyozi, maduka ya soda, milango ya malori. Mkutubi, mama wa watu, akampigia simu mdogo wa marehemu mumewe, mchora mabango ambaye mtaa mzima unamwita Brashi. Njoo, akamwambia, na usije peke yako.

Wakaja kweli, suruali zimeganda rangi. Brashi akavaa glavu, akawa mfunua kurasa. Wenzake wakamzunguka, mikono nyuma kama washitakiwa. Kila ukurasa ulizua mnong'ono. Mmoja aliyatambua maandishi ya mwalimu wake, akashika kichwa. Mwingine alimsihi Brashi asifunue upesi, macho hayajashiba.

"Shemeji, kitu kama hiki unatuficha?" Brashi akauliza.

"Nimewaficha mimi, au aliyenunua glavu?"

Mara wapagazi wakaanza kuingiza viti. Kila kiti kilipotua, mchoraji mmoja alikikalia, akashukuru. Wapagazi hawajazoea kushukuriwa, wakaongeza mwendo.

Mkurugenzi alipokuja kukagua stoo yake, akakuta viti tele, na kila kiti kina mwenyewe. Akachungulia kitabu. Bango la kinyozi wa mtaa aliokulia likamtazama usoni. Akanyoosha kidole.

"Mkuu, bila glavu hakiguswi," mkutubi akasema, akibana kicheko. "Amri ni yako."

Kidole kikarudi mfukoni. Akauliza foleni inaishia wapi. Brashi, bila kuinua macho, akamwonyesha kiti cha mwisho, ndiyo kwanza kinatua kule mlangoni.

Mkurugenzi akaketi. Akavumilia kidogo, akanyoosha shingo, akashindwa. Akamwita mpagazi, akamtuma dukani mbio akalete glavu, nyingi, na akaagiza viti hivyo visiguswe tena, vibaki papo hapo.