Gitaa Alilolityuni Domina

Mzee Jelani, Mmarekani, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya mke, na mke mwenyewe alikuwa Domina wa Bukoba, kwa hiyo hata akikosea alikosea kwa lafudhi ya Kihaya. Gitaa alifundishwa na mjomba wake, mashambani Virginia, mtindo mmoja tu: nyuzi unazilegeza na kuzikaza mpaka ukizipiga bila kidole hata kimoja zinaimba pamoja, kama kwaya iliyoshiba. Mjomba akamwapisha: ukityuni, wape watu mgongo, la sivyo watakuibia mtindo.

Basi miaka yote tuliona mgongo. Mpiga gitaa mmoja wa mji wa Falls Church alipanda paa kuchungulia, akateleza, akatua ndani ya sufuria ya pilau. Nilikuwepo. Pilau tuliila.

Vidole vya mzee vilipovimba, Domina ndiye aliyesimama mbele yake akizungusha funguo za nyuzi. Sisi nyuma tulidhani anamfunga tai.

Domina akafariki. Arobaini yake tuliifanyia kwenye ukumbi wa kanisa, Landover, na mzee alikuwa amemwahidi kitandani kwamba atampigia. Kukunja vidole hawezi tena. Anachoweza ni kuvaa kidoleni shingo ya chupa iliyokatwa na kuiburuza juu ya nyuzi. Bila mtindo ule wa mjomba, hana muziki.

Gervas, mpiga gitaa wa kwaya, alifika mapema kutoka Germantown, foleni imemkamua hadi macho mekundu. Akaona gitaa kitini, akaligusa. "Masikini, limelegea lote." Kwa huruma akalityuni kama la kwaya.

Mzee akaingia, akavaa chupa kidoleni, akaburuza. Ikatoka sauti ya paka aliyekanyagwa.

"Nani amelishika?"

"Mimi, baba. Lilikuwa limeharibika kabisa."

"Lilikuwa vile alivyoliacha Domina."



"Gervas wewe!" Vaileth, mdogo wa marehemu, akafoka. "Gitaa la mtu unalishikaje bila kuuliza?"

"Niambie nirudishe vipi, baba."

Mzee akatazama ukuta, kisha nafasi tupu kati yake na ukuta. Funguo hawezi kuzizungusha. Akimwambia Gervas, ukumbi mzima utasikia.

"Shemeji," Vaileth akasema taratibu, "mjomba wako hawezi kuja Landover kukugombeza. Hata pa kuegesha gari hapana."

"Nimechoka, Vaileth."

"Najua. Kaa."

Akakaa, uso kwetu, kwa mara ya kwanza. "Tazameni basi, wezi wakubwa nyie."

Vaileth akashika kiti chake mwenyewe, akakigeuza ukutani. Mama mmoja akageuza chake. Halafu mimi, nikiguna kwa sababu ya magoti. Ukumbi mzima ukampa mzee mgongo, na mtoto mmoja aliyechungulia alifinywa.

Masikio ya mzee nayo yalikuwa yamestaafu, kwa hiyo nadhani aliegemeza taya kwenye ubao wa gitaa asikie kwa mfupa. Sauti yake ilitoka imebanwa. "Shusha. Shusha tena. Hapo. Ule mnene, polepole. Domina angekuwa amekwisha maliza."

"Samahani, baba."

"Zungusha."

Mwishowe Gervas akapitisha kidole juu ya nyuzi zote. Nilifunga macho.

"Si kama ya Domina," mzee akasema. Akavuta pumzi ndefu. "Itatosha. Geukeni, mtakula saa ngapi?"

Tukageuka. Akaburuza chupa, na safari hii paka hakulia.