Kibanja Ndani ya Kozi

Asubuhi ya Jumatatu Klaudia alikuwa ofisini kwake Bilele, mjini Bukoba, akichagua rangi ya vichwa vya habari. Kazi yake pale chuoni ilikuwa kuchukua madokezo ya wahadhiri na kuyageuza kuwa kozi za mtandaoni, na wahadhiri, Mungu awasamehe, walimletea madokezo yao kama mtu anayeshindilia viazi kwenye gunia. Walitaka kila kitu kikae ukurasa mmoja, kwa maandishi mekundu, ikiwezekana yanayometameta. Klaudia aliwasikiliza kwa adabu, na wakishatoka alifuta. Yeye aliamini kwamba ukurasa mmoja ubebe jambo moja na picha moja, na pembeni pabaki peupe ili jicho lipate pa kupumzika.

Kozi ya siku hiyo ilihusu utunzaji wa migomba. Mhadhiri hakuleta picha hata moja, basi Klaudia akatumia za kwake, alizopiga kwa simu katika kibanja cha baba yake huko Muleba kabla mzee hajafa. Alizipanga kama kibanja kinavyopangwa: nyumba katikati, migomba ikiizunguka, mibuni kati ya migomba, maharage chini. Mwanafunzi aliingia kwa mbele, akapita ukurasa wa kuchagua machipukizi, ukurasa wa matandazo, ukurasa wa kupogoa majani, akatokea uani. Hata mtu asiyewahi kugusa kompyuta asingepotea humo.

Kibanja chenyewe cha Muleba kilikuwa na mwenyewe. Mzee Rugaibula alipofariki, ukoo ulimpa Gozbert, mwanawe wa kiume, awe omusika, yaani mrithi. Klaudia aliambiwa anaweza kwenda kuchuma maharage wakati wowote akitaka. Gozbert alifyeka migomba akapanda mikaratusi, kwa sababu mikaratusi haimhitaji mtu. Klaudia hakuwa ameolewa wala hakuwa na mpango huo, na kilichomuuma si maharage. Alitaka pahala pa kuita pake akiwa hai, na pa kulazwa akifa. Chumba alichopanga Kitendaguro hakikuwa na nafasi ya kaburi.

Kozi ilifunguliwa mvua zikiwa zimeanza. Wanafunzi waliandika kwenye jukwaa la majadiliano kwamba maelekezo yanaeleweka, na kwamba wakitoka ukurasa wa matandazo wanatoka na tope miguuni. Klaudia aliongeza sentensi moja ya kuwaomba waingie na mabuti. Mwanafunzi mmoja wa Ijuganyondo akauliza ni nani anayeruhusiwa kukata mkungu uliokomaa kwenye ukurasa wa kupogoa. Klaudia akajibu kwamba aliyeuona kwanza akate, ila wagawane. Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, walitua kwenye jukwaa la majadiliano, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejadili chochote.

Faruku, fundi wa mfumo, alikuja mlangoni ameshika ndoo.

"Dada Klaudia, kozi yako inavuja. Seva imelowa."

"Ni umande, Faruku. Jua likipanda utakauka."

"Sawa, lakini ukuta utaota ukungu. Nitafungua dirisha."

Alifungua dirisha, akaondoka na kichane cha ndizi mbivu.

Alasiri moja Klaudia alipokuwa akirekebisha ukurasa wa matandazo, alimkuta baba yake humo. Mzee alikuwa ameinama, akitandika nyasi kwenye shina la mgomba, amevaa koti lile alilozikwa nalo.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Kule nimehama. Mikaratusi ya Gozbert imekunywa maji yote, na mizizi imenifikia mbavuni. Mtu halali."

"Na huku?"

"Huku umeacha nafasi. Nimejichimbia nyuma ya nyumba, karibu na ule mbuni wa zamani. Nimekubakishia pembeni yangu, patakutosha."

Klaudia alifurahi kuliko alivyopata kufurahi tangu utoto. Alilitengenezea kaburi ukurasa wake, usio na maandishi wala maswali ya kujipima, majani mabichi tu, na tangu hapo akawa anakula chakula cha mchana humo. Ndani ya kozi ilikuwa daima saa ile picha zilipopigwa: mvua imetoka kukatika, jua linachungulia kati ya majani, moshi wa jikoni unapita chini chini kana kwamba unatafuta kitu ulichodondosha. Mzee alipogoa, naye Klaudia alimenya ndizi. Wakati mwingine mwanafunzi alipita, akawasalimu, akaendelea na somo linalofuata.

Habari haikai Bukoba isifike Muleba. Krismasi ilipokaribia, ukoo ulikuja ofisini. Alitangulia Ta Kaijage, mwenyekiti wa ukoo, nyuma yake wazee wenzake, na mwisho Gozbert, amevaa miwani ya jua. Klaudia aliwapa viti na kahawa za kutafuna.

"Tumesikia Rugaibula amehamia hapa," alisema Ta Kaijage.

"Ndiyo, waitu," Klaudia alijibu kwa heshima. "Yumo."

"Basi tumekuja kupaona. Alipolala mwenye mji ndipo kibanja cha ukoo, na kibanja cha ukoo kina omusika wake."

"Hiki nimekitengeneza mimi, Ta Kaijage. Kila ukurasa."

"Na umekitengeneza vizuri, hakuna anayekataa. Hata mama yako alilima vizuri."

Klaudia alikataa kuwafungulia. Mkuu wa idara akaitwa, akasema chuo hakiingilii mambo ya ukoo, kisha akamwandikia Ta Kaijage nywila kiganjani. Wazee waliingia na mabuti, kama ilivyoelekezwa. Walipima kwa kamba kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, wakapanda emilamula, ile mimea ya mipaka, kwenye kila pembe. Mzee Rugaibula ndiye aliyewashikia ncha ya kamba.

"Tata," Klaudia alimwita, "si ulisema patanitosha?"

Mzee hakumtazama. "Mwanangu, mimi nimekufa tu. Sijatoka kwenye ukoo."

Jioni ile jina la mwenye kozi likabadilishwa likawa la Gozbert. Klaudia aliachiwa haki ya kuhariri. Ta Kaijage alimfafanulia kwa upole kwamba hapo ametendewa wema mkubwa: anaweza kulima na kupalilia, ila hawezi kuuza, hawezi kurithisha, wala hawezi kulazwa humo. Faruku, aliyeingiza mabadiliko, alisema mfumo ulikuwa na kitufe cha hali hiyo hiyo tangu siku ulipoletwa. Hakulazimika kuongeza kitu.

Klaudia aliumia sana. Alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kwenye kompyuta, kwa kuwa kulikuwa na maswali ya wanafunzi hayajajibiwa.

Januari Gozbert alituma ujumbe kutaka mikaratusi. Klaudia ndiye aliyeipanda, maana kazi ilikuwa yake. Aliipanga kwa mistari iliyonyooka, kwa kijani kinachopatana na vichwa vya habari, na mkuu wa idara alimpongeza mbele ya watu kwa mwonekano. Wanafunzi waliacha kuvaa mabuti. Baada ya muda waliandika kwamba kwenye ukurasa wa kupogoa hakuna tena cha kupogoa.

Alikuwa ameanza kozi nyingine, ya utunzaji wa mafaili ya ofisi. Hii aliifanya nyeupe tupu, bila jani wala udongo. Asubuhi moja alipoifungua, baba yake alikuwa amesimama pembeni mwa ukurasa wa kwanza, koti begani, akikohoa kidogo kama mgeni asiyependa kusumbua watu.

"Mizizi imenifikia tena," alisema. "Hapa pana nafasi?"

Klaudia alijua ukoo utamfuata, na kamba yao, na emilamula zao. Alimtazama baba yake mbavuni, pale mizizi ilipopita. Halafu akasogeza kichwa cha habari juu, picha akaipeleka upande wa kulia, akampatia pahala.

"Karibu, tata," alisema. "Lakini mimi nitalala wapi?"

Mzee alikuwa ameshaanza kuchimba.