Seva ya Mapokezi

Bosi wa duka letu la vipuri vya magari alikuwa mtu wa kuamua kwanza, kisha kuuliza kama kuna mwenye maoni. Tulikuwa wanane, kila mmoja na daftari lake la mali, na madaftari hayo hayakuwahi kupatana. Mteja akiulizia breki, kaunta wanasema zimekwisha, kumbe stoo wamezikalia. Ndipo Bosi akatangaza kwamba atanunua seva moja, kompyuta ya pamoja, sote tusome na kuandika humo humo kwa wakati mmoja.

Dada wa stoo, aliyewahi kusomea mambo hayo, alimpelekea karatasi. Hakutaka makubwa: diski mbili zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine iendelee, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na waya hadi kila meza.

Bosi aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Dada yangu, hii seva au mgonjwa? Diski ya pili ya nini, na ya kwanza haijaugua?"

Kesho yake akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, tuliyemwita Mtaalamu kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe. Alikumbatia mashine ya kioo, ndani feni tano zinawaka nyekundu, buluu na kijani. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kucheza michezo ya kupigana kwenye kompyuta.

"Hili jini," alisema akilipapasa. "Kwa mbio zake, mtalikimbia wenyewe."

"Lina diski ngapi?" Dada akauliza.

"Shemeji, huyu ananihoji?"

Bosi akamkata Dada jicho. Mashine ikawekwa mapokezi, wateja waione.

Kwa wiki tano tuliingiza vipuri elfu kumi na moja, kimoja kimoja. Sote tukiingia kwa pamoja kila kitu kinaganda, ila taa zinawaka vizuri tu. Jumanne moja, saa nne asubuhi, umeme ukacheza mara mbili. Diski ikalia krr, krr, ikanyamaza.

Mtaalamu alikuja, akafungua, akachungulia, akafunga. "Feni zote nzima," akasema.

"Na vipuri vyetu?"

"Hivyo iulizeni diski. Mimi nilileta mashine."

Siku tisa tulipiga magoti stoo tukiandika upya. Bosi alisema mgongo haumruhusu. Siku ya kumi akamwambia Dada achague anachotaka, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Likaja boksi la kijivu, baya la sura, lenye kila alichokiandika. Halijaganda hata mara moja.

"Nilichagua mwenyewe," Bosi akawa anawaambia wageni. "Hata shemeji yangu nilimkatalia."

Mwenye duka la matairi la mkabala akaja kuomba ushauri. Bosi akakaa mkao, akahutubia nusu saa nzima. Mgeni alimsikiliza kwa adabu, akashukuru, kisha akapita moja kwa moja hadi stoo.

"Dada, kwangu utaanza lini?"

"Mwisho wa mwezi," akajibu, bila kupunguza sauti.