Akaunti ya Nyumbani

Mama Pazia aliitunza kompyuta yake kuliko wengine wanavyowatunza wakwe zao. Kila Jumamosi aliizima, akaipangusa vumbi kwa brashi laini, kisha akaifunika kwa kipande kilichobaki kwenye mapazia aliyowashonea wateja. Flashi ya mtu haikuingia humo. Barua pepe kutoka kwa asiyemjua haikufunguliwa. Mdogo wake, fundi wa kompyuta, ndiye aliyemfundisha hayo, naye aliyashika kama amri.

Nyumba nayo aliilinda vivyo hivyo. Tangu alipomkimbia mume aliyemvunja mkono, alikuwa amehama mji, amebadilisha namba ya simu na kuweka makomeo mawili mlangoni. Mume yule alikuwa ameapa kumchukua binti yao na kumpeleka ambako mama hatamwona tena. Alikuwa hodari wa kutimiza viapo vibaya. Vizuri ndivyo vilivyomshinda siku zote.

Mchana mmoja, akitafuta ukurasa wa vitambaa aliousoma juzi, alifungua orodha ya kurasa zilizopitiwa. Akakuta mambo asiyoyajua. Matokeo ya mpira. Matairi ya gari. Dawa ya kuotesha nywele. Hilo la mwisho lilimchekesha, maana nyumbani mle hapakuwa na mwenye kipara. Kisha akaona jina la mtaa wake. Juu yake, jina la shule ya binti yake. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Akampigia mdogo wake.

"Mashine imeingia virusi," alisema, akamsomea orodha yote.

Kijana akauliza: "Dada, humo umeingia na akaunti ipi?"

"Ile ile ya nyumbani. Si ndiyo yenye picha za mapazia yangu yote?"

"Nani aliifungua?"

Aliifungua mume, enzi za mapenzi motomoto, akasema familia moja, akaunti moja. Mama Pazia aliona huo ndio upendo wenyewe. Alipokimbia alibadilisha kila kitu, isipokuwa neno la siri alilochagua mume.

"Hiyo siyo virusi," mdogo wake alisema. "Ni shemeji. Anachotafuta yeye unakiona wewe, na unachotafuta wewe anakiona yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Badilisha neno la siri sasa hivi!"

Akakata simu, akajaribu. Kompyuta ikamwambia namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Simu ya mume. Alipoirudia ile orodha, mstari mpya ulikuwa umeingia juu kabisa: njia ya kufika shuleni kwa gari.

Aliogopa. Lakini woga nao huzaa ujanja: kama mume anaona, basi aone. Akaandika: hospitali kuu, wodi ya watoto. Akaandika tena: mtoto ameanguka shuleni amevunjika mguu. Akabonyeza, akakodoa macho.

Mstari mwingine ukajitokeza: njia ya kufika hospitali kuu.

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Mama Pazia alitoka mbio bila hata kufunga makomeo yake. Shuleni, mwalimu wa zamu alimtoa binti darasani, mkoba ukiwa wazi, na mama akamkumbatia hadi mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Walipotoka getini wameshikana mikono, simu ilitetema mfukoni. Alikuwa mdogo wake.

"Umempata?"

"Ninaye hapa. Nimemdanganya, ameenda hospitali."

"Afadhali! Sasa dada, hiyo simu unayoongea nayo, ulipoinunua uliiwekea akaunti gani?"

Ilikuwa ile ile. Picha za mapazia alizihitaji kwenye simu pia, za kuwaonyesha wateja.

"Anaweza kuona ulipo," mdogo wake alisema. "Ikate. Izime kabisa!"

Akaikata. Kidole kilikuwa bado kinatafuta kitufe cha kuzima pale simu, aliyokuwa ameinyamazisha tangu asubuhi, ilipoanza kulia kwa nguvu. Kwenye kioo hapakuwa na jina wala namba ya mpigaji, ila maneno tu: mwenye akaunti anaitafuta simu hii.

"Mama, mbona hupokei?" binti aliuliza.

Ng'ambo ya barabara, gari lililokwisha kuwapita lilipunguza mwendo, likasimama, likaanza kurudi nyuma.