Bahari Iliyopimwa kwa Yai

Mume wangu Philippe hajawahi kuona bahari. Mimi pia sijaiona. Katika ukoo wetu wote wa Wanande, kuanzia Butembo mpaka hapa Kitshanga, mashariki mwa Kongo, tulikofungua duka la vitenge na viatu, aliyeikaribia zaidi ni shemeji yangu mmoja aliyefika Kampala, akaharisha, akarudi. Kwa hiyo mwaka ule wa 2012, nilipomkuta Philippe amelala kifudifudi sebuleni akichora bahari kwenye karatasi ya kufungia sabuni, nilidhani malaria imempanda kichwani.

"Mama Aimée," akasema bila kuinua uso, "nitajenga aquarium, tangi ya samaki. Ya maji ya chumvi. Metre mbili."

"Metre mbili kwenda wapi?"

"Kwenda juu. Huku pembeni hakuna nafasi."

Hapo alisema kweli. Nyumba yetu ni ya mbao, nyembamba, na wageni wawili wanene wakikutana mlangoni lazima mmoja arudi nje. Lakini sikucheka, kwa sababu nilijua ugonjwa huu ulianzia wapi.

Ulianzia kwa Aimée, binti yetu wa pekee, mwenye miaka tisa. Tulikuwa tumekimbia vita mara tatu. Mara ya tatu milio ya risasi ilianza Philippe akiwa anaoga, akatoka na suruali tu, akatembea pekupeku kwenye mawe mpaka Sake, siku mbili. Mtoto alitembea nyuma yake njia nzima akitazama visigino vya baba yake vikichuruzika damu. Tuliporudi, akaanza kuishi na begi la shule mgongoni. Alikula nalo, alikwenda nalo misa, alilala nalo. Aliyeligusa aling'atwa, na mimi nina alama. Maneno nayo yakamwisha, akabaki na ndiyo na hapana.

Kisha siku moja Philippe alimchukua kwenda Goma kununua bidhaa, na kwenye ukumbi wa hoteli moja wakaona kisanduku kirefu cha kioo chenye samaki wa baharini, na matumbawe yaliyojengeka kama mwamba kutoka chini mpaka juu. Aimée alitua begi chini ili abandike pua kwenye kioo. Dakika kumi nzima, Philippe aliniapia. Mimi nilitaka mwanangu atue lile begi. Katika dunia hii yote sikuwa na ombi lingine.

"Batu banakimbiaka na magodoro," Philippe alinieleza. "Banakimbiaka na mbuzi, hata na mulango. Lakini nani anakimbiaka na bahari? Mutoto akiona baba yake iko najenga kitu ya tani moja mu nyumba, atajua hatutakimbia tena. Nimemuahidi."

Lilikuwa wazo la kijinga kuliko yote niliyowahi kusikia tangu nimeolewa, na sikuwa na lingine bora. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Basi kazi ikaanza. Faustin, fundi wa kujenga matangi ya maji ya mvua, alipewa ile karatasi ya sabuni, akaigeuza mara nne kabla ya kujua juu ni wapi. Alijenga kuta tatu za saruji, na mbele akaweka kioo kizito tulichokinunua Goma, kilichotoka kwenye dirisha la benki iliyofungwa. Muuzaji alisema risasi haipiti. Hatukukijaribu.

"Papa Aimée, humu mutaweka samaki ao bafungwa?" Faustin akauliza.

Philippe aliendelea na kazi yake. Alikuwa akipanga mawe meusi ya volkano tuliyoyabeba kutoka barabara ya Sake, moja juu ya jingine, akiacha mapango. Alikuwa amesoma kwenye simu. Juu, karibu na taa, yangekaa matumbawe yanayopenda mwanga, na chini gizani wangekaa samaki wenye haya. Juu ya tangi akapigilia msumari mkubwa wa kutundikia taa ya sola. Jirani zetu walikuja kuuliza matumbawe ni nini. Aliwaambia ni mnyama anayefanana na jiwe. Wakarudi makwao wakinionea huruma.

Ikabaki chumvi. Na kwa habari ya chumvi, Kitshanga kuna mtu mmoja tu: mzee Mbonigaba, jirani yetu, anayetengeneza jibini tangu kabla sijazaliwa. Philippe akamwita kwa heshima zote.

"Papa Mbonigaba, maji ya bahari inakuwaka na chumvi ya namna gani?"

Mzee alitafakari kwa muda mrefu, kama afanyavyo mtu asiyejua na asiyekusudia kusema kwamba hajui.

"Njo ile ile ya fromaji," akasema. "Chumvi ni chumvi. Letea miye yai."

Hivyo ndivyo wanavyopima huku kwetu Masisi maji ya kulowekea jibini. Unatia yai bichi, likizama, unaongeza chumvi, likielea, basi. Tulijaza tangi maji, tukamwaga gunia la kwanza, yai likazama. La pili, likazama kwa kusitasita. Katikati ya gunia la tatu yai likapanda juu taratibu, likatoa kichwa, na watu waliojazana mlangoni wakapiga makofi. Mbonigaba aliinama kidogo kama askofu. Mimi pia nilipiga makofi, siwezi kusema uongo.

Kabla ya kuagiza samaki wa bei mbaya, Philippe alisema tujaribu na tilapia mmoja hai kutoka kwenye kidimbwi cha Burungu. Alifika ndani ya bidoni ya maji, mnene, mwenye afya. Aimée alisimama mbele ya kioo, begi mgongoni, na Philippe akammimina yule samaki kwa mikono miwili.

Tilapia alizunguka mara moja. Kisha akalala ubavu, akapanda juu, akaelea pembeni ya lile yai.

Mbonigaba alimtoa, akalamba kidole.

"Chumvi imeingia muzuri," akasema.

"Papa Mbonigaba," nikamwambia, "umetupikia samaki wa chumvi, makayabo ya metre mbili."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Philippe hakucheka. Na Aimée alikaza mikanda ya begi lake, wa kushoto, kisha wa kulia. Nilitamani kuvunja kile kioo kwa kichwa changu.

Siku ya nne milio ikaanza upande wa Burungu. Kitshanga yote ikatoka nje, na magodoro, na mbuzi, na milango. Mbonigaba aliingia kwetu akisukuma chukudu yake, kigari cha mbao kilichojaa jibini ambazo mlimani asingezipandisha, na bila kuomba ruhusa akazitumbukiza moja moja kwenye bahari yetu, akazikandamiza kwa mawe ya Philippe. Akaondoka mbio kuliko umri wake.

Philippe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kioo, miguu mitupu.

"Miye siendi," akasema. "Nilimuahidi mutoto hatutakimbia. Mwende nyinyi."

Nilimtukana. Nilitoa matusi yote niliyoyatunza tangu siku ya harusi, na mengine ya mama yake. Hakusogea. Mlio mmoja ulipiga karibu, bati likatetemeka, na nikaona kwamba yule mjinga angekufa pale kwa ajili ya samaki ambao hawakuja. Nikaanza kulia.

Ndipo Aimée alipotua begi. Aliliweka chini, akafungua zipu. Hapakuwa na nguo, wala daftari, wala mkate. Kulikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya kiume, namba arobaini na tatu, ambayo tulikuwa tumeitafuta dukani miezi saba tukimsingizia mwizi. Ndani ya kila kiatu soksi ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Papa," akasema, "vaa. Tuende."

Philippe akavaa. Mtoto akapiga magoti, akamfunga kamba.

Tulirudi baada ya wiki tano. Waporaji walichukua bati za paa, kitanda, mlango, hata ile karatasi ya sabuni. Bahari ilikuwepo. Chini yake palikuwa na kikombe, na doa mahali ambapo mmoja wao alichota, akanywa, akatema. Naomba kwa Mungu mwizi huyo awe amemeza kidogo. Jibini za Mbonigaba zilikuwa chini ya mawe, kumi na nane, ngumu kama sabuni. Mji haukuwa na chakula, tukala hizo na viazi visivyotiwa chumvi, sisi na majirani, na kila mtu alimlaani mzee huku akiomba kipande kingine.

Siku ile ya kurudi, Philippe alivua viatu mlangoni. Aimée aliviokota, akakwangua tope kwenye soli, akarudisha soksi ndani. Nilimwona akitazama begi. Akaviweka viatu pale mlangoni, ncha zikitazama nje.

"Viko hapa, Papa," akasema. "Kama itaomba tukimbie."

Kisha akapanda kwenye kiti, akatundika begi tupu kwenye msumari wa taa, akatoka kucheza. Gauni lake lilikuwa na mistari miwili mabegani ambako mikanda ilizuia jua. Nikamfokea arudi avae sweta, maana Kitshanga ina baridi, na mgongo ule haukuwa umeizoea.